Zipu ya Kijani

Mama Pindo alikuwa kwenye suruali ya tatu, mguu kwenye pedali ya cherehani na pini mbili mdomoni, alipoona zipu ya kijani ikipita mbele ya kibanda chake. Ilikuwa kwenye jaketi la michezo la rangi ya damu ya mzee, na aliyelivaa alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa. Kiwiko cha kushoto kilikuwa na kiraka cheusi kilichoshonwa kwa uzi mweupe.

Akatema pini.

"Huyo wa nne tangu asubuhi," alimwambia jirani yake, muuza vifungo.

"Wa nne wa nini?"

"Hebu tazama juu."

Juu ya cherehani, kwenye msumari, lilining'inia jaketi la marehemu mumewe, winga wa timu ya kiwanda cha sabuni, enzi hizo kiwanda kikiwa na timu, na kikiwa na wafanyakazi. Zipu yake ya kwanza ilipokufa, madukani hakukuwa na ya rangi ile, basi akatia ya kijani aliyoifumua kwenye sweta lake mwenyewe. Mume alinuna siku mbili, kisha akazoea. Kiraka alikitia baada ya mume kuanguka uwanjani. Uzi mweusi ulikuwa umekwisha nyumbani, akashona kwa mweupe. Makosa mawili, yote ya mkono wake, na leo yalikuwa yakitembea barabarani yamevaliwa na watu asiowajua.

"Ndiyo mitindo, shoga," alisema muuza vifungo. "Vijana siku hizi wanataka vya kizamani. Nguo za mpira za baba zao ndiyo habari ya mjini."

"Vya kizamani sawa. Zipu yangu wameitoa wapi?"

Alijua wameitoa wapi. Miezi mitano nyuma alikuja kijana mmoja mpole, viatu vyeupe pepepe, na suruali isiyo na kasoro yoyote, eti ipunguzwe. Akiwa anasubiri akaomba kulipiga picha lile jaketi. Alilipiga mbele na nyuma, akaligeuza hata bitana. "Kumbukumbu tu, mama," alisema. Mama Pindo alimshuku palepale, maana mtu wa kumbukumbu hapimi mkono wa jaketi kwa shubiri. Lakini alikuwa mteja, akanyamaza. Kunyamaza kule kulimkereketa hadi leo.

Kabla ya adhuhuri akaja bwana soko, karatasi yenye mhuri mkono mmoja, mfuko wa dukani mkono wa pili.

"Mama Pindo, hilo jaketi lishushe."

"Limekukosea nini?"

"Kuna malalamiko. Kampuni moja ya nguo imesajili muundo wake: zipu ya kijani, kiraka cha kiwiko, uzi mweupe. Wanasema hapa sokoni mnafyatua feki."

"Feki? Bwana soko, mume wangu alilivaa hili wewe hujaanza hata shule."

"Una risiti?"

Muuza vifungo akacheka, halafu akaona bwana soko hatanii.

"Risiti ya jaketi au ya mume?" aliuliza Mama Pindo.

"Mama, mimi natumwa tu. Nikiondoka nalo, yameisha. Ukikataa, nafunga kibanda."

Aliyasema hayo akitazama pembeni. Mama Pindo akautupia jicho ule mfuko. Mkono wa jaketi jipya ulichungulia, na kiraka chake.

"Na hilo?"

"Hilo ni kielelezo."

"Kielelezo cha saizi yako?"

Bwana soko akausukuma mfuko nyuma ya mguu.

Mama Pindo akalitungua jaketi, akalilaza mapajani, akachukua wembe. "Nisomee tena walichosajili."

"Zipu ya kijani..."

Akaanza kufumua. Alikuwa ameipiga zipu ile mishono miwili, iishi maisha, na uzi ulikataa kukatika. Alihisi uchungu wa kweli, kana kwamba anamvua mumewe nguo mbele za watu. Zipu ilipotoka akahamia kwenye kiraka, tundu la kiwiko likafunguka.

"Shika," alisema, akampa zipu, kiraka na vipande vya uzi. "Chao hicho. Jaketi ni la mume wangu."

Bwana soko aliisoma karatasi juu hadi chini, akitafuta mstari wa kumsaidia. Hakuupata. Akavitia vitu vile mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Mama Pindo akalivaa jaketi. Halikufungika tena, na kiwiko kilikuwa nje. Akarudi kwenye cherehani.

Yule msichana wa miwani alikuwa akirudi. Akasimama, akamkazia macho kiwikoni.

"Jamani, mama, hilo la tundu ndiyo toleo jipya? Naomba picha, moja tu."

Simu ilikuwa imeshainuliwa. Mama Pindo akalifunika tundu kwa kiganja, akakaa hivyo hivyo bila kuliachia, na suruali ya tatu ikangoja chini ya sindano.