Mdandiaji Ndani ya Jiwe

Jiwe jipya la tumbawe haliingii kwenye tangi la samaki kabla ya kukaguliwa. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi fundi wa matangi alikuwa amechuchumaa sebuleni kwa mama yake, kando ya tangi kubwa la samaki, ndoo ya maji ya chumvi kali mbele yake, koleo mkononi. Wateja walipomuuliza kwa nini anajisumbua, aliwajibu kwamba mdandiaji, yaani kiumbe aliyejificha humo, akishaingia na jiwe, ni rahisi kuhama wewe kuliko kumhamisha yeye.

Mama yake alikuwa kwenye kochi, akijisugua kiuno. Kochi hilo ndilo lililokuwa kitanda chake tangu kaka mtu alipoachishwa kazi, akaja kupumzika siku mbili. Mwaka wa pili ulikuwa ukielekea ukingoni, na chumba cha mama, kitanda na kabati la nguo vilikuwa vya kaka.

Fundi alilitikisa jiwe ndani ya ndoo. Ukatoka mnyoo wa miiba, akaunasa kwa koleo, kwani haushikwi kwa mkono. Palikuwa pia na kiua cha kahawia, kijinyama chenye umbo la ua kinachochoma matumbawe mpaka yafe. Hicho hakukikwangua, maana kila kipande huota kiua kingine. Alikifunika kwa chokaa nzito. Kisha, kwenye tundu la chini, akamwona kaka yake.

Alikuwa na ukubwa wa kidole gumba, amevaa fulana, amejilaza ubavu.

"Leo tunakula nini?" kaka aliuliza.

"Mama, kaka yuko humu."

Mama aliinua shingo. "Ahaa. Nami nimemgongea na chai, kimya. Nikasema labda kachoka."

"Kachoka na nini?"

"Usianze."

Maji ya chumvi kali humkimbiza kila mwenye miguu. Kaka alisogea tu ndani zaidi, akalalamika kwamba chumba kina unyevu.

Fundi hakuhangaika. Mdandiaji wa namna hiyo havutwi. Ukimvuta anajibana, unabaki na mguu mkononi. Hutolewa na tumbo lake mwenyewe. Alichukua glasi, akaiegemeza kwenye jiwe, mdomo juu, akatia ndani kipande cha samaki wa kukaanga.

"Yaani unamtega kaka yako kama kaa?" mama aliuliza.

"Kaa nao wana mama zao."

Kaka alitoka, akateremka kwenye glasi kwa makalio, akala. Aliposhiba akajaribu kupanda, akateleza, akajaribu tena, akakaa.

"Mdogo wangu, hii sasa ni dharau."

"Ni glasi," fundi alisema, akaiinua.

Wadandiaji wake hakuwaua. Aliwafuga katika tangi dogo lililokuwa ndani ya kabati, chini ya lile kubwa, ambako maji hupita kuchujwa na mabaki ya chakula hayakosekani. Akammimina kaka humo, na kaa wawili waliokuwamo wakampisha. Kaka alikagua pembe yake, akasema angalau huku kuna kivuli.

Fundi alinawa mikono, akaingia chumbani. Alivua mashuka ya kaka, akageuza godoro, akafungua dirisha, akatandika mashuka ya mama, yale ya maua. Mto aliutoa kwenye kochi. Kazi yake haikuwahi kuhitaji kurudiwa, na hii aliiona imekwisha.

"Mama, njoo ulale. Kitanda chako hiki."

Mama alikuja, akalibonyeza godoro kwa kiganja, akanyoosha pembe ya shuka. Kisha akauchukua mto wake, akaukumbatia.

"Umetandika vizuri. Akitoka huko akute pasafi."

"Hatoki. Na kwa kimo kile, hiki kitanda kwake ni uwanja wa mpira."

"Mtoto wa kiume hakosi chumba kwa mama yake. Mimi kochi nimelizoea."

"Na kiuno?"

"Kiuno changu, si chako."

Jioni fundi aliporudi kulisha samaki, alikuta chumba kimefungwa, ufunguo uko shingoni mwa mama. Mlango wa kabati la tangi ulikuwa wazi. Karibu na tangi dogo kulikuwa na kifuniko cha soda kilichojaa chai, bado inatoa moshi. Mama alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, miguu ikining'inia nje.

Sauti ndogo ikatoka kabatini kusema kwamba sukari haijakolea.

Mama akainuka, mkono kiunoni, akaenda jikoni.