Mluzi Katika Misa ya Auleria

Fundi Gaudens wa Tegeta alikuwa na namna yake ya kupima amplifaya. Aliwasha chombo, akalowesha kidole kwa mate, akagusa pini ya kuingizia sauti, kisha akainamisha kichwa. Spika ikinguruma sawasawa, kazi imekwisha. Ikinguruma ovyo, anajua pa kuanzia. Kwa kidole hicho alisomesha watoto, akajenga nyumba kwenye kiwanja ambacho ndugu zake wa Bukoba walikicheka kwamba ni pori, na ufundi wenyewe akamrithisha binti yake wa mwisho, Clara. Walifanya kazi pamoja kwenye kibaraza cha nyuma, baba na redio zake, binti na chaja na inveta zake.

Ubaya wa ngurumo ni kwamba ni sauti nzito, na mtu anayepoteza masikio aghalabu sauti nzito humtoka mwisho. Gaudens alikuwa amekwisha poteza zile nyembamba: mlio wa simu, ndege wa asubuhi, sauti ya kwanza katika kwaya. Hakumwambia mtu. Ukimkabili, alisoma midomo akakujibu. Ukimwita kwa nyuma asigeuke, ulisema mzee ana mawazo. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kikawa cha mkewe.

Auleria alifariki wakati wa masika. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kigango, na wenzake walipokuja kutoa pole, Gaudens aliwaomba wamletee amplifaya yao iliyokuwa ikikoroma. Alitaka mkewe aagwe vizuri kabla ya safari ya Bukoba. Akaitengeneza peke yake, maana Clara alikuwa jikoni na wageni. Akagusa kidole, ikanguruma, akaridhika.

Siku ya misa, kwaya ilipoanza wimbo wa sadaka, amplifaya ilipiga mluzi. Mwembamba, mkali, wa kutoboa fuvu. Watu waliinama, wakaziba masikio, wengine wakajishika vichwa kwa mikono miwili. Katika benchi la mbele alikaa mtu mmoja asiyeshtuka. Gaudens aligeuka nyuma mara moja tu, akaona kanisa zima liko katika hali ile, machozi yakamtoka, akatikisa kichwa kwa shukrani. Clara, aliyekuwa kando yake, alielewa yote papo hapo, akauma pindo la kitenge chake. Mwishowe Edgar, mwalimu wa kwaya, alichomoa waya, na kwaya ikaimba kavu kavu wimbo ambao Auleria aliupenda kuliko zote. Hapo ndipo watu walipolia kweli, taratibu, bila kushika chochote. Gaudens alikuwa amekwisha rudisha uso wake kwenye jeneza.

Tangu siku hiyo kila mgeni alisimuliwa.

"Mie nimezika wengi," Gaudens alisema, akitafuna kahawa zake za Bukoba, "lakini sijaona msiba kama ule. Kanisa zima lilijishika kichwa kumlilia mwenzangu."

Ndilo jambo lililomtoa kitandani asubuhi, na Clara angemwambiaje? Wanakwaya nao walinyamaza. Edgar aliirudisha amplifaya akasema tu kwamba ina kasoro ndogo, na Clara akaisukuma chini ya meza.

Lakini kunyamaza hakukuponya masikio. Redio zilitoka kwa Gaudens zikipiga miluzi na kurudi kesho yake, na mzee akalaumu wateja, kwamba masikio yao yamekuwa mepesi kama ya paka. Wateja nao hawakubishana naye; walihamia kwa fundi mwingine. Ikafika siku meza haina kazi hata moja, na Gaudens akawa anashinda mbele yake mikono mapajani. Clara alimtazama akaogopa. Aliona baba anamfuata mama, tena kwa hiari yake.

Ndipo alipowaza oskiloskopu, kile chombo chenye kioo kinachouchora umeme kama mstari. Asichokisikia baba angekiona. Alichukua fedha zilizobaki za rambirambi, akaenda Mikocheni kwa Badru, aliyeuza vipimo vya umeme, vipya na vilivyotumika kutoka viwandani.

"Shikamoo, kaka Badru."

"Marahaba, sista. Unatengenezaga nini nyumbani?"

"Redio na amplifaya. Na fedha ndizo hizi."

Badru alizitazama, akaachana na vile vipya vya rafu ya juu bila hata kuvitaja. Aliweka mezani viwili: kimoja cha kutosha kiganjani, kipya, chenye kubakisha chenji, kingine kizee, kizito kama gunia la mchele, chenye kioo cha mstari wa kijani.

"Watu wanakujaga hapa wanataka megahezi mia kama wanarusha roketi," alisema. "Ya nini kwa redio na amplifaya? Hiki kizee kina ishirini, zinabaki. Angalia tu kama mstari ni mwembamba, vitasa vya kuzungusha havikwaruzi, na waya zake za kupimia ni nzima."

"Na hiki kidogo?"

"Kitachora. Ila kina chenga zake chenyewe."

"Amplifaya ikiwa na mluzi mwembamba, kitauonyesha?"

"Ukiwa mdogo utajificha kwenye chenga, sista. Hutajua ni wa amplifaya au ni wa kwake."

Clara alikichukua kile kidogo akakikalisha kiganjani. Hiki kingemchezesha mzee, kingemfurahisha, na kisingemwonyesha kamwe kilichotokea misani. Angebaki na kanisa lake lililomlilia Auleria. Lakini redio zingeendelea kurudi, na meza ingebaki vilevile. Alikishika muda mrefu mpaka Badru akaenda kumhudumia mwingine. Kisha akakirudisha mezani, akaomba asaidiwe kubeba kile kizito.

"Umetununulia televisheni?" Gaudens aliuliza. Lakini Clara alipokiwasha, alilowesha kidole kama kawaida yake, akagusa ncha ya waya, na mstari ukainuka mawimbi mawimbi. Mzee alicheka. Hakuwa amecheka tangu msiba.

"Ngurumo yangu hiyo," alisema.

Alishinda nacho mchana kutwa, akipima kila kilichokuwa nyumbani. Vilipokwisha, akainama chini ya meza.

"Iache hiyo kwanza, baba," Clara alisema. Alisemea mgongoni kwake, naye hakusikia.

Gaudens aliiwasha amplifaya ya kwaya, akaiunganisha na spika na oskiloskopu. Mstari ulijaa meno membamba, yamesongamana. Clara aliziba masikio bila kukusudia, na alipoitoa mikono alikuwa amechelewa. Baba alikuwa akimtazama.

"Nini hiki?"

Clara alimsogelea usoni, ili asome midomo. "Mluzi, baba."

"Siku ya misa mluzi huu ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

Gaudens aliinua mikono akajishika kichwa. Kisha akaishusha kidogo, akaziba masikio, akabaki hivyo, macho kwenye kioo.

"Kumbe walikuwa wanaziba," alisema.

"Edgar alichomoa waya. Wakaimba kavu kavu wimbo wa mama. Hapo walilia, baba. Niliwaona."

"Waliimba? Mie nilidhani wamemaliza."

Hakuna uchungu uliompata Clara kuliko huo. Mzee aliwasha pasi ya kulehemu, akapima hapa na pale kwa mstari wa kijani, akatoa kapasita iliyochoka, akaweka nyingine. Meno yakatoweka, mstari ukalala mnyoofu. Akachomeka maikrofoni, akampa binti yake.

"Imba huo wimbo."

Clara aliimba. Alianza na sauti ya kwanza, ya mama yake, na mstari ukasimama kwenye kioo, mwembamba, ukipanda na kushuka. Gaudens alisogeza kiti mpaka mwanga wa kijani ukamwangazia uso. Alikuwa akiutazama wimbo aliokuwa hajausikia kwa miaka, na midomo yake ikatembea na maneno. Ubeti wa pili, sauti ilimkwama Clara. Mstari ukatetemeka, ukaruka, ukatawanyika.

"Hapo umelia," baba alisema.

Clara aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuimba. Gaudens alinyoosha mkono, akapunguza kitasa kidogo, mstari usitoke nje ya kioo.