Simama Pale Nikuone

Mezani pale dukani zilikaa darubini mbili, kubwa na ndogo, na mume wangu alikuwa ameshaweka mkono juu ya ile kubwa, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. Mkono ule naujua. Ndio uliokuwa begani mwangu tangu tulipotoka nyumbani.

Msinielewe vibaya, mume wangu si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeshamkimbia zamani, na wanangu wangenibebea mizigo. Aliendesha gari la wagonjwa mpaka akastaafu. Asubuhi ile niliyozimia kando ya bwawa nikimtazama kulastara, yule ndege wa miguu mirefu, yeye alikuwa barabarani na king'ora chake, akimkimbiza hospitali mke wa mtu mwingine. Mimi niliokotwa na mkata majani. Daktari alisema ni shinikizo la damu, akanipa vidonge, akaniruhusu kutembea nitakako. Mume wangu hakuniruhusu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu wangu alikuwa akishtuka hata nikichelewa kutoka bafuni.

Tangu hapo bwawani tunakwenda wawili. Anabeba maji, vidonge, mwavuli na kiti cha kukunja. Akifika anakohoa, kisha anapokea simu kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Kulastara anaruka, naye ananigeukia kwa upole wote, ananiuliza kama nimemwona. Nimeona miguu, Baba Watoto.

Wazo la darubini lilikuwa langu. Kamera yangu ndogo ya mfukoni haimfikii ndege aliye upande wa pili wa maji, lakini ukiifunga kwa kishikizo kwenye jicho la darubini, inakuletea ndege karibu mpaka unamwona akipepesa. Nikipata darubini nyepesi, niliwaza, nitaibeba mwenyewe. Nitajitia mkanda begani, nitafungua mlango, nitatoka. Hilo la kutoka sikumwambia mtu.

Muuzaji, dada mmoja aliyevaa miwani machoni na mingine kichwani, alitueleza bila haraka. Kubwa ina kioo kipana, inakusanya mwanga, hata kabla jua halijakomaa utazijua rangi za ndege. Ila ni nzito, na stendi yake ya miguu mitatu ni nzito vilevile. Ndogo ni nyepesi, lakini mawingu yakitanda picha inafifia. Zote mbili jicho la kutazamia limepinda kuelekea juu, kwa hiyo stendi hupimwa kwa kimo cha mfupi, mrefu akainama. Kisha akauliza, "Nani ataibeba?"

"Mimi," akasema mume wangu, kabla sijafungua mdomo.

"Basi chukueni kubwa."

Nilitaka kusema ile ndogo. Utamwambiaje mtu baki kwamba unataka iliyo hafifu, kwa sababu siku ya kuitumia, mumeo hatakuwepo? Nikanyamaza, na kimya changu wakakihesabu kuwa ndiyo.

Dada akasema darubini haipimwi ndani. Akaitoa ile kubwa nje, akaifunga kamera yangu kwenye jicho lake, akaielekeza barabarani. Barabara ilikuwa imenyooka mpaka kwenye ukuta mweupe wa bohari, hapo ikakata kona. Ndege hakuonekana hata mmoja. Mume wangu akatafuta cha kutazama, akaniona mimi.

"Nenda hadi pale ukutani," akasema. "Simama pale nikuone."

Nikaenda. Nikampita fundi viatu, nikampita muuza matairi, na bega langu likawa jepesi mpaka nikaligusa. Nilipofika ukutani simu ikalia. Alifurahi sana, masikini; alikuwa akiviona hata vifungo vya gauni langu. Akaniambia nigeuke kidogo. Nikageuka.

"Mbona unahema?"

"Sihemi."

"Unahema, naona kifua kinapanda."

Jamani, hata pumzi zangu sasa zina msimamizi. Nilisimama nimeegemea ule ukuta, nikahisi nimebandikwa. Hapo nikasikia, nyuma ya kona, milio myembamba mingi: mbayuwayu. Hatua moja tu, na kioo kisingenifikia. Simuni alikuwa akisema inatosha, nirudi. Nikaikata. Nikakunja kona.

Chini ya paa la bohari viota vya udongo vilibanana, na mbayuwayu wakiingia na kutoka bila kuulizana. Sikuwa na darubini wala kamera. Nilisimama tu nikiwatazama, simu ikilia mkononi, ikinyamaza, ikilia tena. Niliogopa, sitasema uongo. Lakini furaha iliipita hofu, na machozi yalipokuja sikuyafuta.

Nilidhani atakuja mbio. Nilipotokeza tena, alikuwa bado ameinama palepale kwenye darubini, mzee mzima, hakuthubutu kuondoa macho.

Nilipomfikia hakunigombeza. Alinionyesha picha ya mwisho aliyopiga. Duara katikati, weusi pande zote. Dada akasema ukiivuta kamera kidogo ule weusi huondoka. Ndani ya duara nilikuwa mimi, mguu mmoja umeshaingia kwenye kona, meno yote nje.

"Ulikuwa unacheka," akasema.

"Nilikuwa nacheka."

Akaitazama picha muda mrefu. Kisha akaingia dukani, akatoka na ile ndogo, akiipima mkononi.

"Hii utaiweza?"

"Nitaiweza."

"Peke yako?"

Sauti ilimkatika hapo. Nilimhurumia, na nikaogopa huruma yangu kuliko kitu chochote.

"Peke yangu," nikasema.

Akanivika mkanda begani, akaunyoosha vizuri usinikate shingo. Alipomaliza, mkono wake ukabaki palepale, umeushika mkanda. Nikasimama, nikingoja auachie.