Wa Kwanza Kuvaa

Hedifoni zenyewe zilikuwa bado Ujerumani, lakini pale Mbulu mjini zilikwisha kugombaniwa mpaka Gervasi na Mwalimu Nicodemo wakapitisha wiki mbili bila kusalimiana. Ulikuwa mwaka wa pili tangu wilaya iingizwe Mkoa wa Manyara, na watu wengi waliendelea kuandika Arusha kwenye bahasha zao.

Gervasi alikuwa fundi redio, kibanda chake kikiwa nyuma ya soko. Tangu serikali iruhusu biashara huria, redio za kila namna zilimiminika, nyingi zikafa kabla ya mwaka, na Gervasi akanenepa kwa vifo vyao. Mdogo wake, Padri Clement, alikuwa masomoni Ujerumani. Huyo ndiye aliyemtumia jarida lenye picha ya hedifoni mpya ziitwazo Lindauer, ambazo zilikuwa hazijaanza kuuzwa. Akaandika katika barua kwamba mzee mmoja wa parokia ya kule ni fundi wa kiwanda hicho, naye ameahidi jozi moja. Padri angezileta Agosti akija likizo.

Basi hapo ndipo yalipoanza. Hakuna aliyejua Kijerumani, lakini namba husomeka kwa lugha yoyote, na Mwalimu Nicodemo alifundisha fizikia.

"Hertzi elfu thelathini na tisa," alisema, kidole kikiwa juu ya ukurasa. "Sikio la binadamu linaishia elfu ishirini. Hizo zilizobaki atazisikia nani? Fisi?"

"Utazisikia mwilini," Gervasi alijibu.

"Mwilini! Na hizi ohmu mia tatu, hiyo redio yako itazisukuma? Unamfunga punda kwenye trela la trekta. Halafu tazama, nyuma ziko wazi, zina matundu kama chujio. Upepo wa huku utaingia wote. Hizi ni za watu wenye nyumba zilizonyamaza."

"Zimeachwa wazi ili sauti ipumue. Lakini nakuambia bure. Sikio la kufa halisikii dawa."

Mtu wa tatu katika ugomvi huo alikuwa Yoakimu, mkulima wa vitunguu saumu kutoka Nambis. Kila Jumamosi alishuka sokoni na gunia lake, na akishauza alikuja kukaa kibandani mpaka jua linapoinama. Fizikia hakuijua, wala hakuwahi kushika chuma cha lehemu, ila alikuwa na masikio. Ungempigia kaseti ya kwaya angekwambia ni sauti ngapi za pili, na nani kati yao ana mafua. Kulikuwa na kaseti moja ya kwaya ya parokia iliyorekodiwa mwaka tisini na nne, na katikati ya ubeti wa pili husikika kitu kidogo, kama mchakacho. Nicodemo alishikilia kwamba ni kiti. Gervasi akasema ni ndege juu ya bati. Yoakimu alisema ni mtu anavuta pumzi. Watu wazima watatu, wenye wake na mashamba, walibishania mchakacho huo kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo walikubaliana, na wakapeana mikono: Lindauer zikifika, atakayezivaa wa kwanza ni Yoakimu. Wao wawili walikuwa wamekwisha kuchagua pande, na mashindano yanataka mwamuzi.

Mwezi wa sita mke wa Yoakimu, Philomena, alijifungua mtoto wa kike. Nesi alimbatiza Juliana palepale maana hakupumua vizuri, na siku ya nne mtoto akafa. Walimzika nyuma ya nyumba. Binti yao mkubwa, Monica, akachukuliwa na bibi yake aliyeishi kijiji cha Masieda akae huko kwa muda.

Tangu siku hiyo Yoakimu alikufa ganzi. Hakulia. Watu walimpa pole akajibu "Asante, tumeshapoa," kama mtu anayeulizwa habari za mvua. Alipalilia, akamwagilia, akala alichowekewa bila kujua ni nini. Philomena alisema naye na maneno yakapita. Hakuwa na hasira na Mungu wala na nesi. Angefurahi kuwa na hasira na mtu. Jambo moja tu lilikuwa bado linamsubiri mbele, nalo ni zile hedifoni. Aliwaza hivi: siku hiyo nitakaa kati ya wenzangu, nitavaa wa kwanza kama tulivyoahidiana, na nikisikia vizuri kiasi hicho, labda kitu kitanigusa. Kisiponigusa, basi ndiyo imekwisha.

Padri Clement alifika Alhamisi ya pili ya Agosti, akamkabidhi kaka yake sanduku, akapitiliza kwenda kumwona Askofu. Jumamosi asubuhi Yoakimu aliacha gunia kwa mtu sokoni bila hata kupatana bei, akaenda kibandani.

Gervasi na Nicodemo walikuwapo wote wawili, wamekaa bega kwa bega, wamepatana. Hedifoni zilikuwa juu ya meza, kubwa, za rangi ya majivu, na mito ya masikio laini kama manyoya ya kifaranga.

"Karibu, Baba Monica," Gervasi alisema. Hakutoa mkono. "Mikono yangu ina mafuta."

Haikuwa na mafuta. Nicodemo naye alikuwa ameshika jarida kwa mikono yote miwili.

"Tumezijaribu kidogo tu," Gervasi akaendelea haraka. "Kuona kama njiani hazikuharibika."

Kwa hiyo wa kwanza alikwisha kupatikana, na wa pili pia. Yoakimu alingoja aone kama itamuuma. Haikumuuma. Akakaa kwenye kigoda kilichokuwa kimesogezwa mbali kidogo, karibu na mlango, ambacho si chake.

Nicodemo akaanza mjadala mpya. Mito ile ya manyoya, alisema, inashika jasho. Kitaalamu kitu cha namna hiyo hakifai kuvaliwa na watu wengi. Kule Ulaya kila mtu ana zake. Pengine wangetandika leso. Lakini leso nayo inaua sauti za juu. Au Yoakimu asikilize kwenye spika kwanza, halafu siku nyingine, mambo yakitulia, baada ya miezi michache, labda mwakani...

Huyu ndiye mtu aliyewahi kuvaa hedifoni za kuchomeka masikioni alizookota stendi.

Hapa inabidi kusema waziwazi jambo ambalo wao watatu hawakulisema. Wazee wa Kiiraqw walikuwa na mwiko waliouita metimani. Nyumba iliyofiwa na kichanga hujitenga kwa miezi mingi. Moto wake hauazimwi, maji yake hayanywewi, kitu kilichogusa mwili wao hakiguswi na mwingine, la sivyo kifo kinahama. Mapadri walilikemea jambo hilo tangu enzi za babu zao, na watu wakasema amina. Ukimuuliza mtu Jumapili atakwambia hayo ni mambo ya zamani. Lakini amina hutoka mdomoni, na mikono ina akili zake. Na Gervasi alikuwa na sababu: mke wake Gaudensia alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya mbili kuharibika.

Yoakimu alilielewa jambo hilo bila kuambiwa, kama anavyoelewa mwingine yeyote aliyezaliwa kule. Akatazama chini akasema, "Tulipeana mikono."

Alilisema bila ukali, kwa sauti ileile ya kujibu pole.

Gervasi akafuta uso kwa kiganja. "Ni kweli," akasema. "Ahadi ni deni." Akachomeka waya kwenye amplifaya, akaingiza ile kaseti, akazisukuma hedifoni mezani kwa ncha ya bisibisi mpaka zikafika upande wa Yoakimu.

Yoakimu akavaa.

Namba za Nicodemo hazikuwa na maana tena. Kanisa zima liliingia kichwani mwake na nafasi yake yote, mabenchi, dari, madirisha. Waimbaji hawakuwa tena rundo la sauti. Walikuwa watu, kila mmoja amesimama mahali pake. Alimsikia marehemu mzee Xavery kwenye besi, pengo la jino lake lililong'oka likipitisha upepo. Ubeti wa pili ukaja, na ule mchakacho ukaja, nao haukuwa kiti wala ndege wala pumzi. Mtu alikuwa anafunua ukurasa wa kitabu cha nyimbo, tena amelowesha kidole kwanza.

Alisikia yote hayo. Kamwe hakuwahi kusikia kitu kizuri hivyo, na alijua ni kizuri kama anavyojua kwamba maji yanalowesha. Ndani yake hakikutikisika kitu.

"Ni karatasi," akasema. "Anafunua ukurasa."

"Hata sisi tumeona ni karatasi!" Nicodemo alisema kwa furaha kubwa kupita kiasi. "Wote tumekosa. Wote watatu!"

Wakacheka, wao wawili. Yoakimu akavua hedifoni, akamnyooshea Gervasi.

Mikono ya Gervasi haikuja.

Hedifoni zikabaki hewani kati yao, waya ukining'inia. Nicodemo aligeuka akatazama nje, ambako hapakuwa na cha kutazama isipokuwa mbuzi wa mama lishe.

"Baki nazo," Gervasi akasema.

"Za kwako hizi. Padri amekuletea wewe."

"Ni zawadi, Baba Monica. Mwenye masikio ni wewe. Chukua na ile amplifaya ndogo ya betri. Chukua tu." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Miezi saba alikuwa amelala na picha ya kitu hicho chini ya mto, na alikivaa kwa siku mbili. Alikuwa anakipenda, na alikitoa, kwa sababu hangeweza tena kukirudisha kichwani mwake halafu akalale kando ya Gaudensia. Mtu mbaya angedanganya zaidi.

"Asante," Yoakimu akasema. Akaziweka kwenye mfuko wa rambo, akachukua amplifaya, akaenda zake. Njia nzima ya kupandisha Nambis aliubadilisha mfuko mkono huu na mkono ule, na hakuwaza neno.

Philomena alikuwa jikoni, amekaa karibu na moto, kikombe cha chai kiko sakafuni kando ya mguu wake. Yoakimu akatoa hedifoni akamwonyesha.

"Ndizo hizo mlizokuwa mnagombania?"

"Ndizo."

"Wamekuazima?"

"Gervasi amenipa. Moja kwa moja."

Philomena akazitazama kwa muda mrefu. Hakustaajabu. Akainuka, akaenda kwenye rafu, akaanza kushusha vitu na kuvipanga sakafuni kimoja kimoja, kama mtu anayeanika.

"Huu ungo alinipa jirani Marieta. Niliuazima nipepete maharage. Nilipourudisha akasema, baki nao, Mama Monica. Sufuria hii ni ya msibani, nilipikia, wakasema baki nayo. Kikombe hiki nilinywea uji kwenye jumuiya, kabla sijakiosha mwenyekiti akasema nenda nacho tu nyumbani. Hiki kigoda nilikalia kwa wifi yako." Akaziweka na hedifoni mwishoni mwa mstari. "Nyumba hii imejaa zawadi. Hakuna bibi harusi aliyepata nyingi hivi."

Yoakimu alivitazama vile vitu. Vilikuwa humo ndani miezi miwili. Kigoda alikwisha kukikalia.

"Hukuniambia," akasema.

"Nilikuambia mara tatu. Mara ya ungo ulisema, Marieta ni mtu mwema. Mara ya kikombe ulisema, watu ni wema. Mara ya tatu hukusema kitu."

Philomena akarudi alipokuwa amekaa, akaurudisha ukuni motoni.

"Na wewe je?" akauliza.

"Mimi nini?"

"Tangu tumzike hujala sahani moja na mimi. Unalala kwenye benchi la sebuleni, unasema ni mgongo. Mimi nakuwekea maji, wewe unasubiri niondoke ndipo uyachukue. Kikombe changu ukikikuta njiani unakizunguka. Hao wengine wana zawadi za kunipa. Wewe umenipa nyumba nzima."

Yoakimu alifungua mdomo kukataa. Alikuwa na jibu: yeye ni mkatoliki, mambo hayo hayaamini, hakuna siku aliyoyawaza. Na ni kweli hakuyawaza. Lakini aliona mgongo wake haukuwa na maumivu yoyote. Aliiona mikono yake mwenyewe, mikono iliyokaa magotini hatua nne kutoka kwa mke wake, na akajua kwamba Gervasi angalau alikuwa na mimba ya kulinda. Yeye alikuwa analinda nini?

Aibu ilimpanda ikiwa moto, kitu cha kwanza kumfikia tangu mwezi wa sita, na nyuma ya aibu ukaja uchungu wenyewe, wote kwa pamoja, wa mtoto na wa mama yake. Akasogea mpaka akafika pale alipokuwa Philomena. Akakichukua kikombe cha mkewe sakafuni. Chai ilikuwa imepoa na utando umejitengeneza juu. Akanywa.

Philomena alimtazama akinywa mpaka mwisho.

"Nilidhani nimezikwa naye," akasema.

Ndipo Yoakimu akalia, kwa sauti, kama wanavyolia watu siku ya msiba. Philomena akamshika kichwa, akamwacha alie. Yeye machozi yake alikwisha kuyamwaga peke yake.