Sarafu ya Mwalimu Waithaka

Mwalimu Waithaka wa Kabazi alikuwa na sarafu ya dhahabu, ndogo kama kifungo cha koti. Mama yake aliachiwa sarafu hiyo na mke wa mzungu ambaye mama huyo alikuwa akimlelea watoto huko Subukia. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha mwanamume mwenye ndevu fupi, na wa pili kofia katikati ya visu viwili. Mwaka aliostaafu, aliipiga picha kwa simu, akaituma picha hiyo pamoja na barua kwa mtaalamu wa sarafu za kale wa Nairobi.

"Ni ya nini hasa?" mkewe Wariara alimuuliza.

"Nikijibiwa nitakwambia."

Kabla hajajibiwa, kiharusi kilimwangusha kwenye boma la ng'ombe. Alibaki hai, ila mkono wa kulia ulikufa na maneno yakamkatika.

Zilipobaki wiki tatu kabla ya harusi ya binti yao Kui, akaanza kunyoosha mkono wa kushoto kuelekea kabatini. Wariara akatoa kopo lenye sarafu. Mzee akaigusa, kisha akamwelekezea kidole Kui, aliyesimama pale akiongea kwenye simu ya baba yake, maana jamaa walikuwa wanapiga kutwa kumjulia hali.

"Unataka tumtengenezee Kui pete?" Wariara akauliza.

Kichwa cha mzee kikatikisika. Siku hizo kilitikisika muda wote, na hakuna aliyeweza kujua ipi ni ndiyo na ipi ni la.

Sonara mmoja wa Nakuru mjini akaiyeyusha. Kui alipomwonyesha baba yake pete, machozi yalimtiririka mzee hadi shingoni. Watu wakasema amefurahi. Mwezi wa sita akafariki.

Wiki moja baada ya mazishi, Kui alikuwa akitafuta picha za baba yake kwenye ile simu alipoona barua pepe ambayo haikuwahi kufunguliwa. Akamsomea mama yake jikoni.

"Mwalimu, nisamehe kwa kuchelewa, sikuyaamini macho yangu. Huyu ni Bruto wa Roma. Yeye na wenzake walimuua Kaisari, aliyekuwa rafiki yake, katikati ya mwezi Machi, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kisha akatengeneza sarafu za kuwalipa askari wake, akajivunia humo kitendo chake: visu vya mauaji, na kofia ya mtumwa aliyeachiwa huru. Za dhahabu zinazojulikana duniani hazizidi vidole vya mkono mmoja. Tafadhali usiisafishe. Nitakuja mwenyewe."

Barua hiyo ilikuwa imefika siku mbili kabla ya wao kwenda kwa sonara.

"Mami, hakuwa ananionyesha mimi," Kui akasema. "Alikuwa anataka simu."

Akaanza kuivuta pete kidoleni. Wariara akamshika mkono. "Iache. Mjibu huyo mtu. Mwambie Mwalimu alifariki."

"Na sarafu?"

Wariara akaepua chai iliyokuwa ikifurika mekoni. "Mwambie ni mimi niliyeiyeyusha."

Dhahabu haikumuuma. Kilichomuuma ni zile wiki alizokaa mbele ya mumewe, akimlisha uji na kumfuta mdomo, mzee akimwita naye asimsikie.

Jibu lilikuja jioni ile ile. Mtaalamu aliandika kwamba anawapa pole kwa msiba, na kwamba barua ya Mwalimu ilikuwa nzuri sana, ilimtaja mkewe mara mbili. Kuhusu sarafu hakusema neno.

Hapo ndipo Wariara alipolia.