Mgeni wa Saa Moja Jioni

Mjinga siku hiyo alikuwa Otiende, na tuliseme hilo mapema tusipoteze muda kumtetea.

Alitoka kazini kwenye reli mapema kuliko kawaida, akapanda ngazi za ploti yao ya kupanga mtaani Komarock, akafungua mlango. Nyumba nzima inanukia! Si kitunguu, si sabuni. Marashi ya watu wenye pesa zao.

"Mama Jacklyne, nani alikuwa hapa?"

"Hakuna mtu," akajibu mkewe Phelister, akisonga ugali.

Otiende akaingia chumbani, akafungua kabati la mkewe. Akanusa gauni baada ya gauni, akanusa hata koti la kanisani. Akachungulia chini ya kitanda, akatoka na vumbi puani.

"Leo utanieleza. La sivyo namwita kaka yako Kweyu aje na wazee wenu!"

Phelister akaepua sufuria. Hakuapa, hakulia. "Baba Jacklyne, mgeni huja saa hizi. Kaa hapo balkoni umwone mwenyewe, halafu upige hiyo simu."

Akaketi, ngumi tayari. Mbele yake lilining'inia tawi ambalo Phelister aliliokota mti ulipokatwa kando ya barabara, na okidi ya mwituni imeling'ang'ania. Juzi ilichanua maua meupe. Otiende aliyanusa siku hiyo hiyo mchana, hakusikia harufu yoyote, akaiita nyasi yenye maringo. Sasa akainama. Lo! Marashi yanatoka hapo hapo.

"Mbona mchana ilininyima?"

"Mchana ingemwita nani? Mwenyewe hutembea jioni."

Giza lilipoanza kuingia, akaja nondo mkubwa, mabawa yakivuma, hatui. Akakunjua ulimi mrefu kama uzi wa cherehani, akauzamisha wote ndani ya mkia mwembamba ulioning'inia nyuma ya ua. Otiende akasogeza uso karibu. Nondo alipojitoa, vidonge vya manjano vilikuwa vimemganda usoni.

"Amepakwa nini huyo?"

"Chavua, ule unga wa kiume wa ua. Amekunywa utamu ulio ndani ya mkia, sasa ataipeleka hiyo chavua kwenye ua la jirani."

Otiende akacheka, kisha akakumbuka heshima yake. "Lakini na wewe, si ungeniambia? Mtu akute marashi nyumbani kwake, afikirie nini? Yeyote angekosea!"

"Yeyote?" Phelister akamwonyesha nondo, aliyekwisha kufika ua la pili. "Huyu hajakanyaga hata chekechea. Amenusa, akaenda moja kwa moja kwenye ua. Wewe umenusa, ukaenda kwenye kabati langu."