Pareshoki za Kumzika Plamedi

Watu husema hasira hasara. Aliyesema hivyo hakuwa ameolewa na motari, bodaboda wa Bunia.

Kanyere alikuwa ameolewa naye, na mwaka mzima alimwimbia mumewe wimbo uleule: funga pareshoki. Ni vyuma viwili tu vilivyopindwa, vinakaa kushoto na kulia kwa injini, ili pikipiki ikigongwa chuma kiumie kabla ya mguu. Osée hakukosa jibu. Mara vyuma vitamzuia kupenya kati ya malori, mara ni vya watu wanaojifunza, mara vinaharibu sura ya pikipiki. Sura! Kana kwamba abiria wa mtaa wa Saio wanapanda sura.

Kisha lori likambana Plamedi, motari mwenzake Osée, kwenye barabara ya Djugu. Kichwa kizima, kifua kizima, ila mguu wa kulia ulisagwa kati ya bampa na injini, na damu ikamwishia njiani kabla hajafikishwa hospitali. Plamedi na Osée walikuwa wakingoja abiria mahali pamoja, wakila sahani moja, wakizicheka pareshoki pamoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wazee walisema, na huku kwetu methali hiyo haina fumbo hata kidogo.

Asubuhi ya maziko, Osée aliingia uani kwake mtaani Ngezi na gunia begani. Akalitua, likalia chuma. Kanyere, aliyekuwa akichambua sombe ya muhogo, alisimama na majani mkononi.

"Papa Elisabeth, ni nini hiyo?" alimwita kwa jina la mtoto wao.

"Pareshoki."

Moyo wake ukamruka. Alimlilia Plamedi siku nzima iliyopita, na sasa aliona aibu kwa furaha iliyompata. Akaiacha sombe palepale, akafunga kitenge vizuri, akaja kusaidia. Ndiye aliyekata vipande vya mpira wa ndani wa tairi, vya kuzungushia kwenye fremu ili chuma kisiteleze. Ndiye aliyeshikilia kile chuma kizito huku Osée akilala chini na kukaza nati kwa ufunguo. Hata alimfuta jasho usoni. Kumbe angejua, angempaka majivu.

Jambo moja tu halikumkaa vizuri. Chuma kilikuwa chini mno, karibu sawa na pale pa kuwekea mguu, na kimetokeza nje kama pembe ya ng'ombe.

"Mbona unaifunga chini vile? Goti je?"

"Ni vile inafungwaka," alisema Osée bila kumtazama.

Akamwamini. Mtu akiwa na furaha huamini mengi.

Walikuwa wakimalizia upande wa pili Orly alipofika na pikipiki yake, motari mwenzao, matawi yamefungwa kwenye taa ya mbele. Alichuchumaa, akapima kwa mkono nafasi kati ya chuma na ardhi, akapiga kofi kwa kuridhika.

"Iko muzuri! Iko chini kabisa. Hii ukilalisha kwa gudron ya barabara, cheche zitaonekana mupaka kwa Mungu. Plamedi atajua kama uko rafiki."

Kanyere aliachia chuma. Hapo ndipo alipoelewa.

Ndiyo desturi yao. Motari akifa, wenzake humsindikiza kwa honi na matawi, na wakifika kwenye lami hulaza pikipiki ubavu, huku zinakwenda, hadi chuma kikwaruze barabara na kutoa cheche. Cheche zikiwa nyingi, basi marehemu alipendwa. Bila pareshoki huwezi kufanya hivyo, utasaga mguu wako mwenyewe; kwa hiyo wengi huzifunga siku ya maziko tu, kisha huzifungua na kuziuza. Kanyere alikuwa ameyaona hayo mara nyingi barabarani. Hakuwahi kufikiri yangeingia uani kwake, na yeye mwenyewe akiyashikilia kwa mikono miwili.

"Osée," alisema. Hakusema Papa Elisabeth, na Osée alilisikia hilo. "Mwaka muzima nakuomba hii chuma ya kukinga muguu. Ulikataa. Leo unaileta ya kucheza nayo?"

"Si kucheza. Ni heshima ya mufu."

"Mufu alikufa juu ya kukosa hiyo chuma!"

"Mama Elisabeth, punguza sauti. Batu wanasikia."

"Wasikie! Plamedi alilalisha pikipiki kwa maziko ya nani?"

"Ya Willy."

"Na leo unalalisha ya Plamedi. Na ya kwako, nani atailalisha?"

"Bote," alijibu Osée upesi, na kidevu kikapanda juu kwa majivuno.

Bote! Motari wote wa mji! Alilisema kama mtu aliyeahidiwa ng'ombe. Kanyere angeweza kumsamehe uongo wa "ni vile inafungwaka", hata ukaidi wa mwaka mzima. Lakini kumwona baba wa mtoto wake amekwisha kuyapanga maziko yake mwenyewe, na kuyafurahia, hilo lilimchemsha damu. Alitamani kulichukua lile gunia amvike kichwani.

Hakufanya hivyo. Alimpa jirani yake Musoki mtoto, akarudi, akapanda pikipiki nyuma ya Osée. Hakukaa kike, miguu upande mmoja. Alikaa kiume, mguu huku na mguu huku, kitenge kimepanda magotini.

"Shuka," alisema Osée.

"Sishuki. Plamedi alikuwa ndugu yangu pia, naenda kumulilia."

"Wanamuke hawapandake siku ile tunalalisha!"

"Ulisema ni heshima. Miye pia niko na heshima. Twende."

Orly alimchekea shemeji yake kidogo. "Semeki, utaumia."

"Aniumize bwana yangu, si lori," alisema Kanyere. "Kwani kuna tofauti gani?"

Osée aliwasha injini, akaizima, akaiwasha tena. Honi zilikuwa zimeanza kusikika barabarani, msafara unapita, na hakuna motari anayekosa maziko ya mwenzake akabaki na heshima. Akaondoka na mkewe mgongoni.

Walipoingia kwenye lami, kelele zilikuwa za kupasua masikio. Mbele lilitangulia gari lenye jeneza, na Chancelle, mjane wa Plamedi, ameketi kando yake. Nyuma, mmoja baada ya mwingine, motari walilaza pikipiki zao, chuma kikapiga ukelele, cheche zikaruka, watu pembeni wakashangilia. Orly alilaza yake mpaka bega likakaribia kugusa chini. Kisha akageuka.

"Osée! Lalisha!"

"Lalisha!" wakapokea wengine.

Kanyere aliuweka mdomo kwenye sikio la mumewe. Haikuwa hasira tupu, ilikuwa hofu pia. "Lalisha. Muguu wangu iko pale chini. Lalisha, tuone heshima."

Alizisikia mbavu za Osée zikipanda na kushuka chini ya mikono yake. Pikipiki iliinama kidogo upande wa kulia. Kanyere alifumba macho, akakaza meno, hakuuondoa mguu. Halafu pikipiki ikasimama wima, ikaendelea polepole, wima hivyohivyo, huku wenzao wakizomea. "Bibi ndiye dereva!" mmoja alipiga kelele. Osée akaendesha hivyo mpaka makaburini.

Pale makaburini pikipiki ziliegeshwa kwa safu. Chancelle, alipokuwa akishikiliwa kuelekea kaburini, alisimama mbele ya safu ile akaangalia chini. Pareshoki zilikuwa mpya karibu zote, rangi imekwaruzwa upande mmoja tu.

"Hizi zote zilikuwa kwa duka?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Juzi, lori ikimubana, pia zilikuwa kwa duka?"

Akina mama wakamvuta aende.

Wakarudi Ngezi. Uani, Osée alitoa funguo zake, akalala chini, akalegeza zile nati alizozikaza asubuhi. Alikivuta chuma juu kidogo, akasita.

"Mama Elisabeth, nishikie. Nafunga wapi?"

Kanyere alibaki amesimama. Hasira ilikuwa bado imemjaa kifuani, haikuwa na mahali pa kwenda, na machozi yalikuwa yameanza kumtoka bila ruhusa yake. Akainama, akakunja ngumi, akampiga gotini kwa nguvu zake zote.

"Hapa," alisema. Akampiga tena. "Hapa. Hapa ndiyo iko bwana yangu."

Osée aliumia, lakini hakuuondoa mguu.